Dakika 10 za Kusikiliza: Nyumba na Shule katika Kumfundisha Mtoto Kusoma

Mzazi anapoitwa shuleni, aghalabu hujua mapema sababu ya wito. Ama pana mchango unaotakiwa, ama mtoto amefanya utundu, ama darasa jipya linahitaji matofali. Ni mara chache mzazi huitwa ili aelezwe jinsi mwanawe anavyosoma, na ni mara chache zaidi kuombwa atende jambo maalumu katika masomo hayo. Mzazi naye, hasa yule ambaye hakubahatika kwenda shule, huona kwamba akishamnunulia mtoto sare na madaftari amekwisha kutimiza wajibu wake, na yaliyobaki ni kazi ya mwalimu.

Je, fikira hiyo ni sahihi? Mzazi asiyejua kusoma anaweza kumsaidia mwanawe ajue kusoma? Swali hili linaweza kupimwa kama yanavyopimwa maswali mengine ya sayansi, na limekwisha kupimwa. Majibu yaliyopatikana yanafaa kujulikana na kila mwalimu, na pia na kila kijana wa sekondari mwenye mdogo wake katika shule ya msingi.

DALILI YA KWANZA

Katika miaka ya 1970 watafiti wawili wa Uingereza, Jenny Hewison na Jack Tizard, waliwachunguza watoto wa umri wa miaka 7 na 8 katika mtaa wa Dagenham, mashariki mwa London. Huo ulikuwa mtaa wa wafanyakazi wa viwandani, na hali za maisha za familia nyingi zilifanana. Hata hivyo, baadhi ya watoto walisoma vizuri na wengine walikuwa nyuma sana. Watafiti walitaka kujua tofauti hiyo ilitoka wapi.

Waliwahoji wazazi juu ya mambo mengi ya malezi. Miongoni mwa mambo hayo yote, lililoambatana zaidi na usomaji mzuri lilikuwa jambo dogo sana, nalo ni kama mama alikuwa na kawaida ya kumsikiliza mtoto wake akisoma. Matokeo haya yalichapishwa mwaka 1980.

Lakini mwanasayansi hakubali upesi. Mambo mawili kuandamana si ushahidi kwamba moja limezaa jingine. Jogoo huwika alfajiri, lakini si yeye aletaye jua. Huenda mtoto aliyekwisha kujua kusoma ndiye apendaye kumsomea mama yake, na yule asiyejua hukwepa. Ikiwa ndivyo, kusikilizwa kungekuwa tokeo la usomaji mzuri wala si sababu yake. Njia ya kuukata mzizi wa shaka hiyo ilikuwa moja tu: kufanya jaribio.

JARIBIO LA HARINGEY

Jaribio hilo lilianza mwaka 1976 katika eneo la Haringey, kaskazini mwa London, na liliendelea kwa miaka 2. Zilichukuliwa shule 6 katika mitaa ya watu wa kipato cha chini, mitaa yenye familia nyingi zilizohamia kutoka nchi mbalimbali. Shule hizo ziligawanywa kwa kura katika mafungu matatu ya shule mbili mbili.

Katika fungu la kwanza, watoto wa madarasa yaliyochaguliwa walipewa vitabu vya kupeleka nyumbani, na wazazi wakaombwa wawasikilize wakisoma mara kadhaa kila juma. Mwalimu ndiye aliyechagua kitabu na kurasa za kusoma. Watafiti waliwatembelea wazazi majumbani ili kuwatia moyo na kuwapa ushauri mdogo pale ulipohitajika.

Katika fungu la pili, wazazi hawakuombwa kufanya lolote. Badala yake shule zililetewa mwalimu wa ziada, mwenye ujuzi na uzoefu, awafundishe watoto kusoma katika vikundi vidogo. Fungu la tatu liliachwa liendelee na masomo yake ya kawaida, ili liwe kipimo cha kulinganishia mafungu mengine mawili.

Wengi wangedhani kwamba fungu la pili lingeshinda. Mwalimu aliyehitimu, mwenye kikundi kidogo mbele yake, atashindwaje na mzazi aliyechoka kwa kazi ya kutwa? Isitoshe, baadhi ya wazazi wa Haringey hawakujua kusoma, na wengine hawakukifahamu vema Kiingereza, ambacho ndicho kilichokuwa lugha ya vitabu vyenyewe.

Matokeo yaliyotolewa mwaka 1982 na Tizard, Schofield na Hewison yalikuwa kinyume cha matarajio hayo. Watoto waliosikilizwa nyumbani waliendelea mbele kwa kiasi kikubwa wakilinganishwa na wenzao wa madarasa ya kawaida. Waliopewa mwalimu wa ziada hawakuonyesha maendeleo ya kadiri hiyo. Faida ilionekana kwa watoto wepesi na kwa watoto wazito pia, na walipopimwa tena mwaka mmoja baada ya jaribio kwisha, bado ilikuwapo.

KWA NINI KUSIKILIZA KUNASAIDIA?

Sababu ya kwanza ni hesabu ya muda. Tuchukue darasa la watoto 45. Mwalimu akitaka kumsikiliza kila mtoto kwa dakika 10, atahitaji dakika 450, yaani saa 7 na nusu, bila kufundisha jambo jingine lolote. Haiwezekani. Lakini mtoto anayesikilizwa nyumbani kwa dakika 10, mara 4 kwa juma, katika majuma 30 ya masomo atakuwa amesoma kwa sauti kwa dakika 1,200, yaani saa 20, mbele ya msikilizaji ambaye hana mtoto mwingine wa kumgawia zamu.

Sababu ya pili imo katika akili yenyewe. Mtoto anayeanza kusoma hutumia karibu nguvu zake zote kutambua herufi na silabi. Kumbukumbu ya muda mfupi ya binadamu ni kama kikapu kidogo, ambacho kikijaa huanza kumwaga. Mtoto anayesoma silabi moja moja, afikapo mwisho wa sentensi mwanzo wake umekwisha kumponyoka, na hivyo hutamka maneno bila kupata maana. Mazoezi ya mara kwa mara huufanya utambuzi wa maneno uwe mwepesi hata usihitaji kufikiriwa. Hapo ndipo akili inapopata nafasi ya kushughulikia kinachosemwa. Wepesi huo hauji kwa kuelezwa, kwa maana huja kwa kusoma tena na tena, kama vile ususi wa mkeka unavyokaa mkononi kwa kusuka.

Sababu ya tatu inawahusu zaidi wasemaji wa Kiswahili. Maandishi ya Kiswahili yana utaratibu mzuri: karibu kila herufi hutamkwa vile vile popote ilipo. Kwa sababu hiyo mtoto aliyemudu silabi anaweza kutamka ukurasa mzima asiouelewa. Basi mtu wa kugundua kasoro hiyo si lazima awe amesoma. Mtoto akisoma "Mama anapaka wali" mahali palipoandikwa "Mama anapika wali", bibi asiyejua herufi hata moja atashtuka, kwa kuwa sikio lake linajua kwamba wali haupakwi. Atamwambia mtoto, "Hebu rudia hapo, mjukuu wangu." Mtoto atarudia, ataitazama herufi ile kwa makini, na atajisahihisha mwenyewe. Bibi huyo hajafundisha herufi, lakini ametoa kile ambacho ukurasa hauna, yaani ujuzi wa lugha na subira ya kusikiliza.

Pale ambapo lugha ya nyumbani si Kiswahili, mzazi anaweza kumwomba mtoto asimulie kwa lugha ya nyumbani yale aliyoyasoma. Mtoto asiyeweza kusimulia hajaelewa, na jambo hilo mwalimu angependa kulijua mapema.

HABARI PEKE YAKE HAITOSHI

Haifai kudhani kwamba kila ushirikiano wa nyumba na shule huleta matunda. Huko Belfield, katika mji wa Rochdale kaskazini mwa Uingereza, wazazi walishirikishwa kwa njia iliyokaribiana na ile ya Haringey, lakini Peter Hannon alipotoa taarifa yake mwaka 1987, alama za watoto katika mitihani ya kusoma hazikuwa zimepanda kwa kiasi kikubwa. Hivyo ndivyo sayansi inavyokwenda, kwamba jaribio moja hufungua mlango, na mengine hupima upana wake.

Funzo jingine limetoka Kenya. Kuanzia mwaka 2009 mradi wa Uwezo uliwapima watoto kusoma na kuhesabu wakiwa majumbani mwao, na kuwaeleza wazazi matokeo papo hapo. Ilitarajiwa kwamba mzazi akijua mwanawe yuko nyuma atachukua hatua. Watafiti Lieberman, Posner na Tsai walilichunguza jambo hilo katika vijiji vya Kenya, na mwaka 2014 wakatoa matokeo yao. Wazazi walioelezwa hali ya watoto wao, na kupewa mawaidha ya mambo wanayoweza kutenda, hawakuonekana kutenda zaidi ya wengine.

Sasa tutazame Botswana. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, familia zipatazo 4,500 ziliingizwa katika jaribio la masomo ya hesabu kwa simu. Kundi moja lilipelekewa ujumbe mfupi wa maandishi wenye maswali ya hesabu kila juma. Kundi la pili lilipata ujumbe huo huo, na zaidi ya hayo mwalimu alimpigia mzazi simu kwa muda wa dakika 15 hadi 20, akamwomba amwite mtoto, wakafanya hesabu pamoja. Kundi la tatu halikupata kitu. Ujumbe peke yake haukuleta badiliko la kutegemewa. Simu ya mwalimu ilileta maendeleo yaliyopimika.

Tukiyaweka pamoja mambo ya Haringey, Kenya na Botswana, tunaona jambo moja likijitokeza. Mzazi aliyepewa habari na kuachwa peke yake habadiliki sana. Mzazi aliyepewa kazi ndogo, iliyo wazi, yenye siku zake, na mwalimu wa kuifuatilia, anaweza kumsogeza mtoto mbele.

HALI YA NYUMBANI KWETU

Katika Tanzania, ushirikiano wa wananchi na shule una historia ndefu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipoamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ipatikane mwaka 1977 badala ya 1989, wanavijiji walichimba misingi, walifyatua matofali na kujenga madarasa. Wakati huo huo wazazi wenyewe waliingia madarasani katika kampeni ya kufuta ujinga. Mwaka 1967 karibu watu wazima 7 katika kila 10 hawakujua kusoma na kuandika, na kufikia mwaka 1986 ilihesabiwa kwamba amebaki kama 1 katika kila 10. Ada za shule za msingi zilifutwa mwaka 2001, na Kenya ikafanya hivyo mwaka 2003.

Hata hivyo, wapo hadi leo wazazi wasiojua kusoma, na wapo wengi zaidi wanaoona haya kuketi na daftari la mtoto kwa sababu walisoma kidogo. Mtoto wa mzazi kama huyo ndiye anayehitaji zaidi msikilizaji, na ndiye aliye katika hatari ya kumaliza Darasa la Saba akiwa hawezi kusoma barua. Akibaki nyuma katika madarasa ya mwanzo, masomo yote ya mbele yatamwia magumu, kwa kuwa yote yanapitia katika kusoma.

Kikwazo kikubwa ni kitabu. Penye uhaba wa vitabu, shule huogopa kuvitoa visije vikapotea au kuloa mvua. Lakini mwalimu anaweza kuandika ubaoni sentensi 5 au 6, watoto wakazinakili katika daftari, na daftari hilo likaenda nyumbani. Kikwazo cha pili ni muda, maana mtoto huchota maji, huchunga mbuzi na huwalea wadogo zake. Dakika 10 kabla ya jua kuzama, chungu kikiwa jikoni, zinapatikana katika nyumba nyingi. Kikwazo cha tatu ni maneno makali. Mzazi anayemchapa mtoto kwa kukosea neno humfundisha kukichukia kitabu.

UCHUNGUZI WA WANAFUNZI

Wanafunzi wa sekondari wanaweza kulipima jambo hili wenyewe, wakisimamiwa na mwalimu wao, baada ya kupata idhini ya shule ya msingi ya jirani na ya wazazi.

Wachaguliwe watoto 20 wa Darasa la Tatu, na kwa kura wagawanywe makundi mawili ya watoto 10. Kila mtoto apewe kifungu asichopata kukiona, asome kwa sauti kwa dakika 1, na yahesabiwe maneno aliyoyasoma sawasawa. Kisha aulizwe maswali 3 ya maana. Kundi la kwanza lisikilizwe nyumbani na mzazi, bibi, au kaka na dada, dakika 10 kwa siku, mara 4 kwa juma, kwa majuma 8. Msikilizaji atie alama katika daftari kila siku aliyosikiliza, au mtoto aitie kwa niaba yake, na mwalimu alitazame daftari kila Ijumaa. Kundi la pili liendelee kama kawaida. Mwishoni wote wapimwe tena kwa kifungu kingine chenye ugumu ule ule.

Wanafunzi wakumbuke kwamba watoto wote wataendelea mbele kwa kadiri fulani, kwa kuwa wote wako shuleni. Linalotafutwa ni tofauti kati ya maendeleo ya kundi moja na ya jingine. Wakumbuke pia kwamba watoto 20 ni wachache, na tofauti ndogo yaweza kuwa ya bahati tu. Majina ya watoto yasitajwe katika taarifa. Uchunguzi ukiisha, kundi la pili nalo lipewe nafasi ya kusikilizwa, na matokeo yasomwe mbele ya mwalimu mkuu na Kamati ya Shule, ili mzazi atakapoitwa tena shuleni, pawe na jambo la masomo la kuzungumza naye.