Gari la zamani likikosa nguvu mlimani, usikimbilie kununua spea

MADEREVA wa magari ya zamani wanaotumia barabara kuu ya TANZAM katika mikoa ya Iringa na Mbeya wanaifahamu hali hii: gari linapanda mlima vizuri, ghafla linasita, linapoteza nguvu kwa sekunde chache, kisha linaruka mbele kama lililosukumwa.

Katika eneo la tambarare hali hiyo ni kero tu. Katika kona za mlima Kitonga, huku lori lenye shehena likifuata kwa nyuma, inaweza kugharimu maisha.

Mara nyingi lawama huelekezwa kwenye mwinuko wa nyanda za juu. Plagi hubadilishwa, pampu ya mafuta hubadilishwa, fedha zinakwisha na tatizo linabaki palepale. Kumbe chanzo chaweza kuwa kifaa kidogo ambacho hupimwa kwa dakika chache: kihisi cha mkao wa throtoli, ambacho mafundi hukiita sensa ya throtoli.

Throtoli ni mlango mdogo wa bati la duara uliomo katika njia ya hewa iendayo kwenye injini. Dereva akikanyaga pedali ya mafuta, anachofungua hasa ni mlango huo. Sensa hukaa ubavuni mwake na kuipa kompyuta ya gari taarifa ya kiasi ulivyofunguka, ili kompyuta iamue kiasi cha mafuta ya kunyunyiza. Katika magari mengi ya gia za kujibadili zenyewe, taarifa hiyo husaidia pia kuamua wakati wa kubadili gia.

Ndani ya sensa ya aina ya zamani mna utepe wa kaboni na kidole cha chuma kinachosugua juu yake. Baada ya miaka mingi utepe huo hulika, hasa sehemu inayotumika zaidi, yaani pedali ikiwa imeachiwa au imekanyagwa kidogo. Kidole kikifika palipolika, taarifa hukatika, na gari husita.

Mwinuko si kisingizio

Ni kweli kwamba mwinuko hupunguza nguvu. Jiji la Mbeya liko takriban meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Iringa uko zaidi ya meta 1,500. Katika kimo cha Mbeya shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 likilinganishwa na la pwani, hivyo injini isiyo na tabo hupata hewa kidogo zaidi.

Hata hivyo, upungufu huo ni wa wakati wote na hauji kwa kushtukiza. Sensa mbovu husumbua pale pale pedali inapofika sehemu fulani. Aidha, sensa hii haipimi hewa bali hupima mkao wa mlango. Kipimo chake kikiwa sahihi Dar es Salaam, kitakuwa hicho hicho Mbeya.

Jinsi ya kupima

Hatua ya kwanza ni kuisoma kompyuta yenyewe. Magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1990 yana kisanduku kidogo cha vipimo karibu na injini. Ndani yake, matundu yenye alama TE1 na E1 huunganishwa kwa kipande cha waya, kisha ufunguo hufunguliwa bila kuwasha injini. Taa ya injini ikipepesa mara nne, ikatulia kidogo, kisha ikapepesa mara moja, hiyo ni namba 41, inayohusu sensa ya throtoli. Alama za matundu zihakikiwe kabla ya kuunganisha, kwani kukosea kwaweza kuunguza nyaya.

Namba hiyo haimaanishi kwamba sensa imekufa. Inaeleza tu kwamba taarifa haifiki ipasavyo. Huenda waya umekatika au soketi imeingia kutu, na ndiyo maana mita ya umeme inahitajika.

Ufunguo ukiwa umefunguliwa na injini imezimwa, hupimwa kwanza umeme unaoingia kwenye sensa. Kati ya waya wa kuleta umeme na waya wa ethi, mita inapaswa kuonyesha takriban volti 5. Isipoonyesha hivyo, kununua sensa mpya ni kutupa fedha. Tatizo liko kwenye nyaya au kompyuta.

Kisha hupimwa waya wa taarifa. Mlango ukiwa umefungwa, magari mengi huonyesha takriban nusu volti. Ukifunguliwa taratibu hadi mwisho, volti hupanda mpaka 4 au zaidi kidogo. Kitabu cha gari husika ndicho chenye viwango kamili.

Jambo kubwa la kuangalia ni mwendo wa upandaji. Volti zipande bila kukatika. Zikishuka ghafla au kurukaruka, sensa imelika. Mita ya mshale huonyesha kasoro hiyo vizuri kuliko mita ya tarakimu, ambayo huchelewa kubadili namba. Kipimo kirudiwe injini ikiwa ya moto, huku nyaya zikitikiswa kidogo.

Ncha za mita ziingizwe kwa nyuma ya soketi. Kutoboa ganda la waya hufungulia njia maji, na mvua za Mbeya hazikawii kuuozesha waya huo. Sensa ikithibitika kuwa mbovu, mkao wake uwekewe alama kabla ya kulegeza skrubu, kwa sababu nyingi hurekebishika na kosa dogo huharibu mwendo wa injini.

Magari ya kabureta kwa kawaida hayana sensa hii, na yale mapya yasiyo na kebo ya mafuta hutumia mfumo tofauti unaohitaji mashine ya uchunguzi.

Kwa mwenye gari la zamani, swali la kumuuliza fundi ni moja: mita imesoma ngapi? Akilijibu kwa namba, spea inaweza kununuliwa. Asipolijibu, afadhali kusubiri kabla ya kulipandisha gari Kitonga.