Kolajeni katika Jicho: Kioo, Weupe na Kovu (Sehemu ya Pili)

Kolajeni, ile protini ya nyuzi ambayo sehemu ya kwanza ya makala hii iliieleza kuwa mhimili wa ngozi, kano, gegedu na mifupa, hufanya ndani ya jicho kazi mbili zinazoonekana kupingana. Nyuma na ubavuni hujenga ukuta mgumu mweupe uitwao sklera. Mbele hujenga konea, yaani kioo kinachoifunika mboni, ambacho katikati kina unene wa takriban nusu milimita. Pande zote mbili kolajeni iliyo nyingi ni ya aina ya kwanza, ileile ya kano ya kisigino, hivyo kinachotofautisha kioo na ukuta si malighafi bali mpangilio.

Stroma, tabaka la kati lenye karibu asilimia 90 ya unene wa konea, ina nyuzi zenye kipenyo cha takriban nanomita 25 hadi 30, nanomita moja ikiwa sehemu moja ya milioni ya milimita, nazo hulingana kwa unene na kuachiana nafasi karibu sawa. Nyuzi hizo hulala sambamba ndani ya matabaka zaidi ya 200 yaliyopandana kama mikeka, kila moja likielekea upande wake. Mwaka 1957 mwanasayansi David Maurice alieleza kwamba, kwa sababu ya ulinganifu huo, mwanga unaotawanywa na uzi mmoja hubatilishwa na ule unaotawanywa na nyuzi jirani, isipokuwa unaoendelea mbele. Katika sklera nyuzi nene na nyembamba husukwa bila utaratibu huo, mwanga hurudishwa pande zote, na jicho huonekana jeupe.

Kuharibika kwa mpangilio wa konea ni jambo zito wilayani Rungwe, Tanzania, ambako mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka kuzunguka Tukuyu hustawisha chai, migomba, mahindi na viazi, na mkulima hushinda uso wake ukiwa katikati ya majani. Tawi la mchai linalovutwa wakati wa kupogoa, kama huko Katumba, likiponyoka hurudi usoni kwa nguvu. Ukingo wa jani la mhindi nao hukata. Mkwaruzo ukiishia katika epitheli, yaani utando wa juu wa seli, seli za jirani huteleza na kuziba pengo, mara nyingi kwa siku moja hadi tatu, bila kuacha alama. Ukipenya hadi stroma, seli ziitwazo keratositi, ambazo kwa kawaida hutunza nyuzi kimyakimya, huamka na kutengeneza kolajeni mpya kwa haraka, yenye nyuzi zisizolingana wala kupangika, na hapo kioo hupata kovu jeupe, ndilo chamba cha jicho.

Kina cha jeraha hakipimwi kwa maumivu, kwa kuwa mchubuko wa juujuu huweza kuuma kuliko kidonda kirefu. Tabibu wa macho hutia tone la rangi ya chungwa iitwayo fluoreseini, akamulika kwa mwanga wa buluu, na palipochubuka hung'aa kijani. Hofu kubwa ni kuvu, hasa Fusarium na Aspergillus, ambazo huishi katika udongo na mimea inayooza. Zikiingizwa na jani, vimeng'enya vyake, pamoja na vile vinavyotolewa na chembe nyeupe za damu za mgonjwa mwenyewe, huyeyusha kolajeni hadi konea kutoboka. Utomvu wa majani unaotiwa jichoni huongeza madhara, lakini matone ya steroidi yanayonunuliwa dukani pasipo kupimwa hayana nafuu: hupunguza wekundu, mgonjwa akadhani amepona, kumbe kinga imelemazwa na kuvu zinazidi kuenea.

Hata kidonda kikitibiwa, mwili hauwezi kutengeneza kolajeni imara bila vitamini C, inayoviwezesha vimeng'enya kuziandaa nyuzi tatu za protini ili zijisokote kuwa msokoto mmoja imara, na maji yaliyo nyuma ya konea huwa na vitamini hiyo kwa wingi kuliko damu. Mapera na mboga mbichi hutosheleza hitaji hilo. Unga wa kolajeni unaouzwa kwa bei kubwa humeng'enywa tumboni kama nyama au maharage, kwa hiyo anayeunywa akitarajia ufike jichoni ukiwa mzima anapoteza fedha.

Kovu likishakomaa katikati ya kioo, hakuna dawa ya matone inayoweza kuzipanga nyuzi upya, na linapozuia kuona tiba kuu ni kupandikiza konea ya mtu mwingine. Upandikizaji wa kwanza kwa binadamu uliodumu ulifanywa mwaka 1905 na Eduard Zirm, huko Olomouc katika nchi ya Cheki ya leo, kwa kibarua wa shambani aliyeunguzwa macho yote mawili na chokaa. Kipandikizi cha jicho moja kilishindwa, cha jicho la pili kikabaki angavu, na kibarua huyo akarudi kazini.