Muunganisho mmoja wa intaneti, ordinateri nyingi: tugawane namna gani?



Katika nyumba nyingi za wachungaji huku kwetu mashariki, ofisi ya parokia na nyumba ya familia ni kitu kimoja. Katibu anaandika ripoti mezani, mama mchungaji anapanga hesabu ya umoja wa wamama, mtoto wa chuo kikuu anatafuta vitabu vya masomo yake. Kila mmoja ana ordinateri yake, lakini mega zinanunuliwa kutoka mfuko mmoja. Tunaulizwa mara kwa mara: watu hao wote wanaweza kutumia muunganisho mmoja namna gani bila kugombana? Sisi tulijifunza kwa kosa letu wenyewe, ndiyo maana tunaanza nalo.

Kosa letu

Mwanzoni tulikuwa na modemu ndogo ya kuchomeka kwenye ordinateri. Ilipita mkono kwa mkono, na mmoja akiitumia wengine walingoja. Kisha tukanunua ruta, tukaweka ndani kadi ya SIM, na wote tukafurahi. Furaha ilidumu siku tatu. Asubuhi ya siku ya nne, mega za mwezi mzima zilikuwa zimekwisha, na ripoti ya mwaka ilipaswa kutumwa siku ile ile.

Tulimwita kijana mmoja aliyeishi kwetu kwa ajili ya masomo. Tukamwambia mbele ya wengine kwamba alitazama filamu usiku. Alikana, hatukumsadiki. Kwa muda wa juma moja hakugusa ordinateri tena, na mezani hakusema neno.

Ndipo ndugu mmoja mwenye ujuzi alipokuja kututembelea. Alifungua katika kila ordinateri mahali ambapo Windows inaonyesha mega zilizotumiwa kwa muda wa siku 30. Iliyokula karibu zote ilikuwa ordinateri ya ofisi, ile tunayoitumia sisi wenyewe. Tuliiacha ikiwaka usiku, nayo ikapakua matoleo mapya ya programu zake bila kutuuliza. Tulimwomba kijana yule msamaha mbele ya watu wale wale waliosikia tukimshitaki.

Ruta inafanya kazi gani?

Kila kifaa kinachoingia kwenye intaneti kinahitaji namba, kama vile barua inavyohitaji anwani. Namba za mtindo wa zamani, ambazo zingali zinatumiwa sana, ni bilioni 4.3 hivi kwa dunia nzima. Hazitoshi hata mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo tangu miaka ya 1990 ilipatikana njia ya kuweka vifaa vingi nyuma ya namba moja.

Fikiri parokia yenye sanduku moja la posta. Barua zote zinatoka kwa jina la sanduku hilo. Katibu anaandika katika daftari nani alimwandikia nani, na majibu yakirudi anampa kila mtu lake. Ruta inafanya kazi ya katibu huyo. Kila ordinateri na kila simu inapewa namba ya ndani, ambayo mara nyingi inaanza na 192.168. Nyumba nyingi sana duniani zinatumia namba hizo hizo bila kugongana, kwa sababu hazitoki nje ya nyumba. Ruta inazigawa yenyewe. Wewe huna la kuandika.

Hapa kuna jambo la kufahamu vizuri. Kwa kuwa wote wanatoka na anwani moja, mtu wa nje hawezi kutofautisha katibu na jirani uliyempa neno la siri. Jirani akitumia muunganisho wako kwa udanganyifu ao matusi, nyayo zinaelekea kwenye mlango wako.

Kuchagua na kuweka vifaa

Kwa mtu mmoja ao wawili, simu inaweza kutosha: unafungua sehemu ya kugawa intaneti, na ordinateri inaipata kwa Wi-Fi. Lakini batiri inakwisha haraka, na mwenye simu akitoka, intanetí inatoka naye. Kwa nyumba yenye watu wengi, ruta ya kadi ya SIM ni bora zaidi.

Weka ruta mahali pa juu, karibu na katikati ya nyumba. Usiifungie katika kabati la chuma, na kumbuka kwamba ukuta mnene unapunguza nguvu zake. Ruta nyingi zina mawimbi ya aina mbili: yale ya 2.4 yanafika mbali zaidi, yale ya 5 yana mwendo wa haraka lakini yanachoka upesi. Ofisi ikiwa upande wa pili wa kiwanja, vuta kable ya mtandao. Kipande kimoja kisizidi mita 100.

Kuhusu umeme, soma maandishi kwenye chaja. Ruta nyingi za nyumbani zinatumia volti 12, kwa hiyo zinaweza kuishi kwa batiri ya jua. Lakini batiri hiyo inapochajiwa inaweza kupita volti 14. Tumia kifaa cha kusawazisha volti, usiunganishe waya moja kwa moja.

Kugawana si kuongeza

Muunganisho ukileta megabiti 10 kwa sekunde, watu watano wakivuta pamoja kila mmoja anabaki na 2 hivi. Hakuna muujiza. Barua pepe ya maandishi matupu haifiki hata mega moja, lakini video safi inaweza kula gigabaiti nzima ao zaidi kwa saa moja. Ndiyo sababu tuliweka utaratibu huu nyumbani:

1. Tulibadilisha maneno ya siri yote mawili: lile la Wi-Fi na lile la kufungua mipangilio ya ruta. Watu wengi wanasahau la pili, na mara nyingi limeandikwa chini ya ruta yenyewe. Kwa ulinzi wa Wi-Fi, chagua WPA2 ao WPA3.

2. Wageni wanatumia mtandao wa wageni, ikiwa ruta inao. Kwa kawaida wanapata intaneti tu, hawaoni ordinateri yenye daftari la waamini na hesabu za sadaka.

3. Katika kila ordinateri ya Windows tuliandikisha kwamba muunganisho huu una kipimo. Tangu hapo haipakui vitu vizito ovyo. Lakini matoleo mapya yanaziba matundu ya wezi, kwa hiyo hatuyakatai: tunachagua siku moja na kufanya ordinateri moja baada ya nyingine.

4. Saa za asubuhi ni za kazi ya ofisi na masomo. Video zinangoja jioni, na zinapimwa.

5. Kila Jumamosi tunasoma kiasi kilichobaki, na kila ordinateri inaonyesha iliyotumia. Kinaandikwa katika daftari ambalo kila mtu anaweza kulifungua.

Mchango nao uandikwe. Mega za ofisi zilipwe na parokia, za familia zilipwe na familia. Wakati hesabu hizo mbili zinachanganyika, maneno yanaanza katika baraza la wazee, na mara nyingi yanaanza kwa haki.

Daftari letu la Jumamosi linashikwa na kijana yule tuliyemshitaki. Yeye ndiye aliyeliomba. Mwezi uliopita alitusomea kwamba ordinateri ya mchungaji ndiyo ilitumia kuliko zote, na hakuna aliyekasirika.