Je, Wajua? Haki, Adhabu na Sheria Kutoka Daa Hadi Eyasi

Je, wajua kwamba kesi iliyotikisa sheria ya ardhi Tanzania nzima ilianzia Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, humu humu Karatu? Lohay Akonaay na mwanawe Joseph walipoteza shamba lao la kimila enzi za Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijijini. Januari 1987 wakafungua kesi Arusha, wakashinda, wakarudi shambani. Rufaa ikiwa bado inasubiri, ikaja Sheria Namba 22 ya 1992: haki za kimila katika vijiji vile zimefutwa, fidia hakuna, kesi zilizoko mahakamani zikome. Baba na mwana hawakuwa na kosa lolote, ila adhabu walishaandaliwa.

Sheria hiyo ikapingwa, na Mahakama ya Rufani ikaikataa hoja ya serikali. Tarehe 21 Desemba 1994, Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake waliamua kwamba haki ya kimila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Nyalali aliona kwamba hoja ya serikali kuwa haki hiyo si mali ikikubaliwa, wakazi wengi wa Tanzania Bara watageuka maskwota ndani ya nchi yao. Na fidia haipimwi kwa nyumba na miti tu. Hata jasho la mkulima lina thamani.

Je, wajua kwamba mwaka huohuo wa 1994 ndio Tanzania iliponyonga mtu kwa mara ya mwisho? Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikakiri kuwa ni ya kikatili na inadhalilisha, kisha ikaiacha ibaki! Mahakama ya Afrika, yenye makao yake Arusha, ilisema mwaka 2019 kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu hiyo kwa kila muuaji kunavunja haki ya kuishi.

Je, wajua kwamba Wabarabaig, ndugu wa Wadatoga wa Eyasi, wana baraza la wanawake linalowahukumu wanaume? Anayemkosea mwanamke huitwa mbele ya akina mama, na faini yake ni ng'ombe. Mwanaanthropolojia George Klima aliliandika mwaka 1964.

Je, wajua kwamba Wahadzabe, wawindaji wa Eyasi, hawana mtemi wala askari? Wakigombana, mmoja hufunga virago akahamia kambi nyingine. Jaribu hilo ukiwa na ekari mbili za mahindi na ng'ombe zizini.

Je, wajua kwamba Baraza la Kata, la Daa likiwamo, haliamui tena kesi ya ardhi? Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake ni kupatanisha tu, ndani ya siku 30. Suluhu isipopatikana, mlalamikaji anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba, na nauli ni yake.