Sauti za Wazee Wetu Zimo Katika Diski Gani?

Katika makabati ya nyumba nyingi za Pwani mna diski zilizohifadhi nikahi za watoto wetu, maulidi ya mtaani na darsa za masheikh waliokwisha kututangulia mbele ya haki. Zote zina upana wa sentimita 12, na kwa jicho hufanana. Lakini hazilingani kwa kazi wala kwa umri.

CD iliingia sokoni mwaka 1982 kwa ajili ya sauti; hubeba dakika 74 hadi 80. DVD ilifuata katika miaka ya 1990. Tabaka lake moja huchukua gigabaiti 4.7, ndiyo sababu ikawa chombo cha video za harusi. Blu-ray husomwa kwa leza ya buluu iliyoiva, yenye ncha nyembamba zaidi, hivyo alama zake husongamana hadi gigabaiti 25 kwa tabaka.

Tofauti kubwa zaidi imo katika namna diski ilivyoandikwa. Ile ya kisomo cha Qur'ani iliyotoka kiwandani, alama zake zimepigwa chapa. Ile aliyokupa mpiga video wa harusi, yenye herufi R, imeandikwa kwa leza katika tabaka la rangi, mara moja tu. Yenye herufi RW hufutwa ikaandikwa upya, basi haifai kutunzia kisichopaswa kufutika. Rangi ya R nayo hufifia kwa jua na joto, na unyevunyevu hudhuru madini yanayoakisi mwanga.

Wengi hulinda upande unaong'aa wakausahau ule wa jina. Kumbe katika CD, kumbukumbu zimo chini kidogo tu ya upande huo wa jina. Mkwaruzo wa hapo ni vigumu kutengenezeka. Usiuandike kwa kalamu ngumu wala usiubandike karatasi. Ukifuta vumbi upande wa chini, anza katikati kwenda ukingoni, usizungushe.

Juu ya hayo, kompyuta nyingi mpya hazina tena mahali pa kutia diski. Basi tuwaombe vijana wetu wazinakili mapema: nakala moja nyumbani, nyingine kwa ndugu wa mji mwingine, kila moja na jina na tarehe yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na sauti ya mzee aliyefariki ni mali isiyouzwa dukani.