Nenosiri Lile Lile Halirudishi Data

Mtu amegawa upya diski yenye Linux iliyosimbwa, kompyuta imegoma kuwaka, na swali lake ni lile la siku zote: akiendesha luksFormat tena na kuweka nenosiri lile lile, mafaili yatarudi?

Hayatarudi, hata moja.

Wanaouliza hivyo hudhani nenosiri ndilo linalosimba data. Silo. LUKS, mfumo wa kusimba diski uliobuniwa na Clemens Fruhwirth mwaka 2004, hujitengenezea ufunguo mkuu wa nasibu, na huo ndio unaosimba patisheni nzima. Nenosiri hufungua tu kijisanduku chenye ufunguo huo, kilicho katika kichwa cha LUKS mwanzoni mwa patisheni. Amri ya luksFormat huunda ufunguo mwingine kabisa na kuufuta wa zamani. Nenosiri likifanana, funguo hazifanani. Tena amri yenyewe huonya, ikamtaka mtu aandike YES kwa herufi kubwa. Watu huandika! Kisha patisheni hufunguka bila kosa lolote, na ndani hamna ila takataka. Bila nakala ya kichwa kile cha zamani, hakuna fundi wa kuokoa kitu, awe wa mtaani au wa maabara.

Kinachoudhi ni kwamba mara nyingi, kabla ya amri hiyo, data zilikuwa salama salimini. Faili la /etc/crypttab, linaloorodhesha patisheni zilizosimbwa, lilitaja /dev/sda3, na sasa patisheni hiyo ni sda4. Mfumo hungoja kifaa kisichokuwepo, ukachoka, ukamwacha mtu mbele ya alama ya (initramfs).

Dawa kwa Debian na Ubuntu: kompyuta iwashwe kwa flashi, lsblk -f isomwe, na kabla ya lolote luksHeaderBackup itoe nakala ya kichwa, ihifadhiwe nje ya diski hiyo (na ifichwe, maana nenosiri la zamani huifungua hata likishabadilishwa). Patisheni ifunguliwe kwa cryptsetup open, kwa jina lile lile lililomo kwenye crypttab. Wengi hukwama hapa. LVM iamshwe kama ipo. Mzizi, /boot, EFI, /dev, /proc na /sys ziunganishwe, mtu aingie kwa chroot, aweke UUID (utambulisho wa patisheni) sahihi katika crypttab na fstab, aendeshe update-initramfs -u -k all, kisha update-grub. Patisheni yenyewe ikiwa imefutwa kwenye jedwali la patisheni, TestDisk huweza kuitambua, mradi hakuna kilichoandikwa juu yake. Irudishwe ianzie sekta ile ile ya awali.