Mwenzako Amepungua Kumi, Wewe Tatu

Wanawake wawili wa Ibanda, hapa Bukavu, wameanza rejimu siku moja. Tuwaite Mama Furaha na Mama Neema. Si watu halisi, nimewaunda kutokana na wengi ninaowahudumia. Wanauza bidhaa kwenye meza jirani sokoni Nyawera. Wameacha soda pamoja, wameacha maandazi ya saa nne pamoja, na kila alfajiri wanatembea kuelekea La Botte na kurudi. Baada ya miezi minne Mama Furaha amepungua kilo kumi, na nguo zake ziko kwa fundi zinabanwa. Mama Neema amepungua tatu. Anayekuja kuniona akiwa amekata tamaa ni huyu wa pili, na swali lake ni lile lile kila mara: "Docta, mie niko nakosea wapi?"

Mara nyingi hajakosea popote. Mizani inaonyesha uzito wa mtu. Bidii yake haiionyeshi, na ukiwaweka watu wawili juu ya mizani moja unalinganisha miili miwili ambayo tangu mwanzo haikuwa sawa.

Mimi huanza na kilo za siku ya kwanza. Mama Furaha alianza na 104, Mama Neema na 78. Mwili mkubwa unatumia nguvu nyingi hata ukiwa umelala, kwa sababu una nyama nyingi zaidi za kulisha na damu nyingi zaidi ya kusukuma. Kwa hesabu tunayotumia kliniki, mwanamke wa miaka 40 mwenye urefu wa sentimita 160 na kilo 104 anachoma takriban kalori 1,680 kwa siku kabla hajainua hata ndoo ya maji. Mwenzake wa umri na urefu huo huo, mwenye kilo 78, anachoma kama 1,420. Tofauti ni kalori 260, yaani zaidi kidogo ya vijiko viwili vikubwa vya mawese, kila siku iendayo kwa Mungu. Wakila sahani moja, sombe ile ile na bugali lile lile, mmoja anaondoka mezani akiwa amekula pungufu ya matumizi yake, na mwingine amekula kiasi kile kile anachotumia.

Ukigeuza kilo kuwa asilimia, Mama Furaha amepoteza kama 9.6 ya uzito wake, Mama Neema 3.8. Pengo limepungua, lakini bado lipo, na lazima tulieleze.

Sehemu yake ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika karibu gramu tatu za maji. Anayepunguza bugali ghafla humwaga akiba hiyo pamoja na maji yake, na ndani ya siku chache mizani inashuka kilo moja na nusu au mbili. Ndiyo ile wiki ya kwanza ya shangwe. Anayepunguza polepole haoni ajabu hiyo, ingawa mafuta yake yanaondoka vilevile. Kwa mwanamke anayeona siku zake, maji hupanda na kushuka pia kwa mwezi. Akijipima wiki ya kukaribia damu na mwenzake akajipima wiki nzuri, wanagombana bure.

Sehemu nyingine iko kwenye sufuria. Marafiki wanaosema wanakula chakula kimoja mara chache wanakula chakula kimoja. Sombe haina hatia. Kinachotofautiana ni mkono unaomimina mawese. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta yoyote kina kalori kama 120, na hapa kwetu mafuta hupimwa kwa jicho. Mama Furaha anaishi na watoto wawili na anajipikia. Mama Neema ana sufuria ya watu kumi, wakiwamo baba mkwe na vijana wanaotoka shule na njaa, na hawezi kupika sombe yake pembeni bila kuanzisha kikao cha ukoo. Jioni ya Jumamosi ikiwa na chupa kubwa moja ya Primus, hapo zimeingia kalori nyingine zisizopungua 250. Haya yanaweza kurekebishwa, na nitayarudia.

Yasiyorekebishika nayo yapo, na watu wanahitaji kuyasikia waziwazi. Mwaka 1994 Claude Bouchard na wenzake wa Quebec, Kanada, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa jozi saba za mapacha wa kufanana, wote vijana wa kiume. Kwa siku 93 waliwalisha kiasi kisichobadilika na kuwafanya waendeshe baiskeli za mazoezi mara mbili kwa siku, siku tisa katika kila kumi. Chakula kilipimwa, mazoezi yalipimwa, hakuna aliyeiba mandazi. Kwa wastani walipungua kilo 5. Lakini kulikuwa na aliyepungua kilo 1 tu na aliyepungua 8. Na pacha alifanana na pacha wake: ndugu wa mtu aliyepungua polepole naye alielekea kupungua polepole. Miaka minne kabla, watafiti hao hao walikuwa wamewalisha mapacha kalori 1,000 za ziada kwa siku, na huko pia mmoja aliongezeka kilo 4.3, mwingine 13.3, kwa chakula cha ziada kilicho sawa. Kasi ya mwili kuweka na kutoa mafuta inarithiwa kwa sehemu kubwa, kama urefu.

Wanaodhani dawa ni kubadilisha aina ya rejimu wasome utafiti wa Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliotoka mwaka 2018. Watu 609 waligawanywa: nusu wapunguze mafuta, nusu wapunguze wanga. Baada ya mwaka mmoja wastani ulikuwa kilo 5.3 upande mmoja na 6 upande wa pili, karibu sare. Lakini ndani ya kila upande kulikuwa na waliopungua kama kilo 30 na walioongezeka karibu 10. Tofauti kubwa ilikuwa kati ya mtu na mtu. Kwa hiyo Mama Neema akiacha mpango wake na kunakili sahani ya rafiki yake, asitegemee kunakili na kilo zake.

Kuna jambo la usingizi, ambalo katika mji huu haliwezi kurukwa. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, wengi wanalala jicho moja likiwa wazi. Wapo waliokonda kwa njaa na mawazo, na kuzungumzia rejimu mbele yao ni kukosa adabu. Wapo pia wanaofungiwa ndani mapema, wanakula usiku wakisikilizia mlango. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapa watu 10 wanene chakula cha kupunguza uzito kwa siku 14, mara mbili: zamu moja wakiwa na saa 8 na nusu kitandani, na zamu nyingine saa 5 na nusu. Mizani ilisema kilo zile zile, karibu 3. Lakini walipolala kidogo, mafuta yaliyotoka yalikuwa pungufu kwa asilimia 55, na njaa ilizidi. Nafasi ya mafuta ilichukuliwa na nyama ya mwili, misuli ikiwamo, ambayo hakuna anayetaka kuipoteza. Mtu anaweza kupungua sawasawa na mwenzake kwenye mizani na bado akawa amepata hasara.

Je, tezi ya koo? Swali hili naulizwa sana, na kwa haki, maana tunaishi ukingoni mwa ziwa lenye historia. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Kibelgiji, akina François Delange na André Ermans, walichunguza rovu katika kisiwa cha Idjwi, kwenye Ziwa Kivu. Waliona kitu cha kushangaza: madini joto yalikuwa haba kisiwa kizima, lakini rovu lilijaa kaskazini na kusini-magharibi lilikuwa adimu. Uchunguzi ulielekea kwenye muhogo usioondolewa sumu vizuri, ambao mabaki yake yanaizuia tezi kunyonya yale madini joto machache yaliyopo. Tezi ikilegea, mwili mzima unapunguza mwendo. Lakini tuwe wakweli: tezi iliyolegea kwa kawaida huongeza kati ya kilo 2 na 5, nyingi zikiwa chumvi na maji. Mwenye kilo 30 za ziada asiisingizie. Mtu akisikia baridi kuliko wengine, akawa na choo kigumu, ngozi kavu na uchovu usioisha, apime damu. Kwa wengine, chumvi yenye madini joto na muhogo uliolowekwa na kukaushwa vizuri vinatosha.

Dawa ni jambo la kuulizia kabla ya tezi. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huwaongezea uzito baadhi ya wanawake. Insulini na baadhi ya vidonge vya kisukari hufanya hivyo pia, na deksamethasoni, ambayo watu huinunua kiholela, huongeza uzito na kuuvimbisha uso. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa sababu ya mizani; muulize aliyekuandikia kama ipo nyingine.

Sasa, moyo. Mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba mtu hujipima kwa yule anayefanana naye, si kwa aliye mbali. Ndiyo maana kilo kumi za mwanamitindo wa Paris hazimnyimi Mama Neema usingizi, ila za jirani yake wa meza zinamchoma. Kuna pia mkanganyiko wetu wa Kivu. Elimu ya lishe hapa ilizaliwa kwenye njaa: kituo cha Lwiro, kilichoanzishwa na taasisi ya utafiti ya IRSAC iliyoundwa mwaka 1947, kilijulikana miongoni mwa mengine kwa uchunguzi wa kwashiorkor. Unene ulikuwa dalili kwamba nyumba ina chakula, na baada ya UKIMWI kukonda kukawa tangazo la msiba. Mama Furaha naye anaulizwa kila siku kama anaumwa au kama bwana yake hamlishi. Wakati huohuo shinikizo la damu limeshakuwa letu. Mwaka 2011 Philippe Katchunga na wenzake walichapisha utafiti wa Vitaraa juu ya ugonjwa huo kwa watu wazima wa Kivu Kusini. Siku hizi katika nyumba moja unaweza kumkuta mtoto mwenye utapiamlo na bibi yake mwenye tansio.

Na hapo ndipo kilo tatu za Mama Neema zinapopata bei yake. Kwa wastani shinikizo la damu hushuka karibu milimita moja kwa kila kilo inayoondoka. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2002, watu 3,234 waliokaribia kupata kisukari walifuatiliwa kwa karibu miaka mitatu. Kundi lililolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki lilipata visa vipya pungufu kwa asilimia 58. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba kila kilo moja ilipunguza hatari kwa asilimia 16. Kilo moja tu. Mimi nikimwona mtu amepungua tatu na kuzishikilia miezi minne, naandika kwenye faili kwamba matibabu yanafanya kazi.

Kwa marafiki wanaofanya rejimu pamoja, ushauri wangu ni kuvunja mapatano ya kilo na kufunga mengine. Shindaneni kwa yale ambayo mikono na miguu yenu inayaamua: ni asubuhi ngapi mmetembea wiki hii, mara ngapi mmepanda Kadutu kwa miguu badala ya pikipiki, ni siku ngapi mafuta yameingia sufuriani kwa kijiko badala ya kwa jicho. Mwenye sufuria ya watu kumi hahitaji kupika mbili. Apime mafuta ya wote, hakuna mkwe atakayekufa, na kwenye sahani yake mwenyewe lengalenga na maharagi vizidi bugali. Kila mtu ajipime peke yake, mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, na mwanamke anayeona siku zake alinganishe wiki hii na wiki kama hii ya mwezi uliopita. Kamba ya fundi kiunoni husema mambo ambayo mizani inaficha, hasa kwa anayejenga misuli kwa kupanda milima yetu. Wakikutana, kilo zisitajwe. Najua ni kazi ngumu. Katika mji huu hata bei ya ndoa ya mtu inajulikana.

Bado kuna mmoja sijamsema, anayepungua haraka. Watu wanampongeza, na mara nyingi anastahili. Lakini kama kilo zinaondoka naye anakula kama zamani, anakunywa maji mengi na kuamka kukojoa usiku, inaweza kuwa sukari. Kikohozi kinachozidi wiki mbili na jasho la usiku, inaweza kuwa kifua kikuu. Mikono inayotetemeka na moyo unaokimbia, tezi iliyochangamka kupita kiasi. Akiwa na dalili hizi, mpeleke kituo cha afya wiki hii hii. Kipimo cha sukari kinachukua tone moja la damu na dakika moja.